Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti: Hongera kwa Pipa la Buluu

Mheshimiwa Waziri,

Hongera kwa mapipa ya buluu ya karatasi. Yamepangwa kando ya barabara kama askari wa gwaride, yamechorwa mti ubavuni, na yalizinduliwa kwa utepe, makasi na hotuba. Kasoro ni moja tu, tena ndogo: lori linalokuja kuyamwaga ndilo lile lile linalobeba maganda ya ndizi ya pipa la kijani, na yote huingia tumbo moja. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inatutaka raia tutenganishe taka, nasi tumetii. Inazitaka kaunti nazo ziwe na vituo vya kuchambulia taka; pengine lori linachanganya mapema ili vituo hivyo vitakapojengwa visikose kazi.

Karatasi, Mheshimiwa, si chupa. Chupa ya plastiki ikigaagaa topeni huoshwa ikauzwa, lakini karatasi ikishaingia mafuta ya chipsi, kiwanda hakiitaki. Ingebaki kavu na safi, nyuzi zake zingerudi kuwa karatasi mara tano hadi saba kabla ya kufupika mno. Sasa pipa lenu liko mdomo wazi kuelekea mbinguni, na masika hayabagui: gazeti lililotumbukizwa asubuhi, jioni ni uji. Ni kweli kiwandani nako karatasi huanza kwa kugeuzwa uji, ila ule hautiwi maganda.

Idara yenu husema wananchi hawana ustaarabu, wanatupa nepi kwenye pipa la karatasi. Wanatupa, sibishi. Lakini mdomo wa pipa unaoweza kumeza nepi umeikaribisha wenyewe. Mwanya mwembamba wa kupitisha gazeti ungefundisha zaidi ya mabango yote. Na nani atajisumbua kutenganisha nyumbani kile anachokiona kikichanganywa barabarani mchana kweupe?

Mtasema pia kwamba fedha hakuna. Hapa ndipo napashangaa, maana kazi yenyewe tayari inafanywa bila senti yenu. Kabla lori halijafika, mzoataka amekwisha kuchomoa maboksi, akayakanyaga yakalala bapa, akayafunga kamba na kuyapeleka kwa mnunuzi, yakaning'inizwa kwenye mizani na kulipwa kwa kilo. Kutoka hapo huenda viwandani kuwa karatasi za chooni na trei za mayai. Huyo hajaomba bajeti wala hajakata utepe. Malipo yake ni kukimbizwa na askari wa kanjo, eti anatawanya taka. Anatawanya kwa sababu boksi analolitafuta mmelizika chini ya nepi. Mpeni ufunguo wa pipa lenye kifuniko na karatasi tupu ndani, tuone atatawanya nini. Wapo watakaouliza iweje mtu binafsi afaidike na mali ya umma. Hao tuwaulize mali hiyo inamfaidi nani ikiwa dampo, imelowa, na gharama ya kuisafirisha hadi huko tumeilipa sisi.

Barua hii imechapwa upande mmoja, hivyo nyuma panatosha kuandikia jibu. Jibu lisipokuwepo, tafadhali msiitie kwenye pipa la buluu. Mwachieni mama anayefagia ofisi yenu. Yeye anajua inakouzwa.

Wenu mtiifu,
Mtenganishaji wa Taka