Kumwachisha Kazi Bawabu Mzee

Miongoni mwa watu wa kuchungwa na mwenye nyumba, sijui kama yuko anayemshinda kijana aliyerejea likizo kutoka chuo kikuu akiwa na elimu mbichi kichwani na mikono isiyo na shughuli. Kijana wa namna hii hukikuta kitu kizima, kinachotimiza wajibu wake tangu miaka mingi, akakitazama kwa huruma, akatikisa kichwa, na tangu saa ile kitu hicho kikawa kibovu machoni pa mwenyewe. Ndivyo mpwa wangu alivyoitendea kompyuta yangu mpakato, ambayo kila asubuhi ilikuwa ikiwaka bila ya inda wala kinyongo, nami nikifanya juu yake tafsiri zangu za mikataba na hati za mirathi, kazi ambayo ndiyo inayoleta unga nyumbani kwetu hapa Tanga.

"Mjomba," alinena, baada ya kuandika amri moja na kulitazama jibu lake, "mashine hii inawaka kizamani."

Nilimwuliza kama kuwaka kizamani ni maradhi. Alijibu kuwa si maradhi, ila ni aibu. Kwamba mashine iliyoamka kwa njia ya kisasa huwa na folda iitwayo efi katika mahali fulani pa ndani kabisa, na kwamba kwangu folda hiyo haipo. Nilimwambia kuwa nimeishi umri huu wote bila ya folda hiyo na sikupata kuona upungufu. Alinyamaza kwa adabu, na adabu yake iliniudhi kuliko hoja yake. Jua lilipotua nilikuwa nimekwisha kubali.

Yafaa nimweleze msomaji chanzo cha ugomvi huu, kwa kuwa wengi wetu huwasha kompyuta kila siku pasipo kujua kwamba baina ya kubonyeza kitufe na kuona picha ya mwanzo pana mtumishi afanyaye kazi kubwa. Kompyuta iwashwapo haijui lolote, hata kama ina diski au haina. Programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao wake ndiyo inayoamka kwanza, ikakagua viungo, kisha ikatafuta mfumo wa kuuamsha. Kwa miaka mingi programu hiyo ilikuwa BIOS, iliyokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, nayo naifananisha na bawabu mzee asiyejua kusoma. Bawabu huyo ana desturi moja tu: huenda kwenye chumba cha kwanza cha diski, chenye upana wa baiti 512, akabisha hodi, na yeyote aitikaye humkabidhi funguo za nyumba nzima bila ya kumwuliza jina wala kabila. Katika baiti hizo, 446 ni za maelekezo ya kuamsha mfumo, na aya ya kwanza ya insha hii haienei humo. 64 ni za orodha ya sehemu kuu za diski, nazo haziwezi kuzidi nne. Na 2 zilizobaki ni muhuri. Aliyejificha chumbani humo akiwa mwizi, naye hupewa funguo, na virusi vya zamani vilifaidi sana ukarimu huo.

Bawabu mpya ni UEFI. Asili yake ni kazi ya kampuni ya Intel ya mwishoni mwa miaka ya 1990, walipokuwa wakiunda kompyuta kubwa za Itanium wakatambua kuwa mzee hataiweza nyumba ya namna ile. Na mwaka 2005 malezi yake yakakabidhiwa jumuiya ya makampuni. Bawabu huyu ni msomi. Anayo daftari ya majina ndani ya ubao, hujua kufungua sehemu maalumu ya diski na kulitafuta faili kwa jina lake, na akiamriwa kuwa mkali hukagua sahihi ya kila anayeomba kupita. Diski nayo hupangwa upya kwa orodha iitwayo GPT, ambayo kwa kawaida ina nafasi za sehemu 128, na ambayo huandikwa mwanzoni mwa diski na nakala yake ikawekwa mwishoni, ili moja ikiharibika nyingine iwe shahidi. Jambo lililonichekesha ni kwamba hata baada ya mabadiliko hayo yote, katika chumba kile cha kwanza huachwa orodha ya uongo ya mtindo wa zamani, isemayo kwamba diski yote imejaa na haina nafasi, ili chombo chochote kisichojua mambo mapya kikija kuuliza kijibiwe kwa upole na kurudishwa kilikotoka. Na msomi mwenyewe, pamoja na daftari zake na mihuri yake, sehemu yake maalumu sharti iwe imepangwa kwa FAT, utaratibu wa faili ambao asili yake ni miaka ya 1970. Hivyo usasa wote huu umesimama juu ya kitu kikongwe kuliko bawabu tuliyekuwa tukimwachisha kazi.

Mfumo wangu ni Debian, mmoja katika ukoo wa Linux, ambao kiini chake kiliandikwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki. Mimi niliingia katika ukoo huo kwa mlango wa Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, nikadhani kwa furaha yangu kwamba lugha yetu imekwisha kufika hadi ndani ya ubao. Haikufika. Saa ya dhiki kompyuta hugomba kwa Kiingereza, tena kifupi na chenye kiburi.

Maandalizi yalitaka vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya kazi zangu, nayo tuliazima kwa shemeji yangu ambaye hupiga video za harusi, baada ya kumwapia kwamba hatutamgusa bibi harusi hata mmoja. Cha pili kilikuwa flashi ya kuwashia kompyuta wakati diski yake inafanyiwa upasuaji. Mpwa wangu aliiona moja juu ya kabati la vyombo, haina jina wala mwenyewe kwa kadiri ya macho yake, akaandika Debian juu yake kwa amri moja. Amri hiyo haina huruma: haihifadhi kilichomo, haiulizi, na ikimaliza hushukuru.

Alasiri ya siku iliyofuata tulikaa mezani. Kijana aliiwasha kompyuta kwa flashi, na katika orodha iliyotokea flashi ile ile iliandikwa mara mbili, mstari mmoja ukiwa na herufi za UEFI mbele yake na mwingine ukiwa mtupu. Alichagua mtupu kwa sababu ulikuwa wa juu. Kisha alifungua programu ya gdisk, aliyoiandika bwana mmoja aitwaye Rod Smith, ambayo huweza kuigeuza orodha ya zamani kuwa mpya bila ya kuyagusa mafaili yenyewe, ikiwa mwisho wa diski pana nafasi ndogo ya kuwekea nakala. Mwisho wa diski yangu palikuwa na sehemu ya kubadilishana kumbukumbu, ambayo wenyewe huiita swap, na mpwa wangu akaihukumu kuwa ni kubwa kupita haja. Akaifuta, akakata humo megabaiti 512 za bawabu mpya, akairudisha swap ikiwa nyembamba. Lilibaki jambo moja, nalo ni kuandika herufi w na kuthibitisha. Kidole kilikuwa hewani, nami nimeshika ukingo wa meza, ndipo umeme ulipokatika.

Betri ya kompyuta hiyo ilikwisha kustaafu zamani, kwa hiyo giza la chumba na giza la kioo vilikuja pamoja. Mke wangu alitukuta na taa ya simu, sisi tumekaa kimya kama wafiwa, akauliza aliyefariki ni nani. Lakini huyo Rod Smith ni mtu wa hadhari: programu yake huyaweka yote katika kumbukumbu, na mpaka w iandikwe haibadilishi hata nukta moja juu ya diski. Umeme uliporudi mambo yalikuwa kama yalivyokuwa, tukarudia kazi yote tangu mwanzo, na mpwa wangu akachagua tena ule mstari wa juu.

Safari hii herufi iliandikwa. Orodha mpya ikakaa mahali pake, na kwa kukaa kwake ikafuta kile kipande cha Grub, yaani mwamshaji wa mfumo, kilichokuwa kikiishi katika uwazi ulio nyuma ya chumba cha kwanza. Bawabu mzee, hata angetaka, hakuwa tena na mtu wa kumpa funguo. Ilibaki kumwandikisha mpya, na tulipotoa amri ya kufanya hivyo tulijibiwa kwamba kompyuta hii haitambui vigeu vya EFI. Sababu yake ni nyepesi ukiijua: mfumo ulioamshwa kwa njia ya zamani hauioni daftari ya bawabu mpya, na asiyeiona daftari hawezi kuandika jina ndani yake. Ule mstari wa juu ndio uliotuponza. Kijana aliizima kompyuta, akachomoa flashi, akaiweka mezani, tukaenda msikitini kwa sala ya magharibi tukiwa na nyumba isiyo na bawabu hata mmoja.

Tuliporudi meza ilikuwa tupu. Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye shughuli ya kumpaka bibi harusi hina, mtaa wa pili, na flashi ilikuwa yake, imejaa nyimbo zake za taarabu alizozikusanya kwa muda mrefu, naye ndiye aliyepewa dhamana ya kuleta muziki. Msomaji mwenye utu na atufikirie hali yetu. Kompyuta yangu ilikuwa haina uwezo wa kuwaka kwa njia yoyote, dawa yake ilikuwa ndani ya mkoba wa mwanamke, na mkoba huo ulikuwa katika ua usioingiwa na mwanamume. Nilimtuma mpwa wangu. Alisimama nje ya wigo wa makuti, akapiga hodi kwa sauti ya mtu anayetumaini kutosikiwa, na mtoto wa kike akatoka kumwuliza anamtaka nani.

Ndani, kwa maelezo niliyopewa baadaye kwa kirefu na bila ya kuombwa, mambo yalikuwa hivi. Wanawake wameketi, udi umefukizwa, mikono ya bibi harusi imenyooshwa. Mke wangu alisimama, akaichomeka flashi katika sabufa kwa madaha ya mtu anayejua thamani ya alichonacho, akakaa. Sabufa ilimetameta taa zake, ikatafuta, ikatafuta tena, kisha ikaandika kwa herufi nyekundu kwamba haikuona faili. Akaichomoa, akaifuta kwa ncha ya leso, akairudisha. Jawabu lilikuwa lile lile. Mama mmoja mtu mzima akauliza kama flashi hiyo inataka kuombwa. Hapo ndipo mtoto alipoingia kusema kwamba yuko kijana nje anaitaka flashi ya Mjomba.

"Ya mjomba?" mke wangu aliuliza, na walionisimulia wanasema kwamba neno hilo lilisikika mpaka kwa wapishi.

Flashi ilirudi, na yeye akarudi nayo. Sitayaandika yaliyosemwa. Wanawake waliimba kwa vinywa vyao wakipiga vigoma na vikombe, na mimi nina yakini kwamba shughuli ilinoga zaidi hivyo, ingawa rai hiyo sikupata fursa ya kuitoa.

Yaliyobaki yalikwenda upesi, kwani hofu huzidisha umakini. Safari hii ulichaguliwa mstari wenye UEFI; sehemu ya bawabu ikapachikwa mahali pake; Grub ya zamani ikaondolewa na mpya ikavutwa kwa bando lililokuwa ukingoni mwa kuisha; jina la Debian likaingia katika daftari. Tulipoiwasha, ubao wetu ulilipuuza jina hilo, kwani ziko kompyuta ambazo bawabu wao, pamoja na usomi wote, hukataa majina mageni na kulitafuta faili moja tu, BOOTX64.EFI, ndani ya folda ya BOOT. Mpwa wangu alimnakili Grub kwa jina hilo, akapokewa mara moja kwa heshima zote.

Basi ikawaka. Ikawaka na kusimama, ikituambia kwamba inaingojea sehemu fulani ya diski yenye namba ndefu ya utambulisho, nayo itaingoja kwa dakika moja na nusu. Hiyo ilikuwa swap ya zamani, marehemu. Mpya ilikuwa na namba nyingine, wala hakuna aliyewapa habari za msiba wale waliokuwa wakiingoja katika fstab, faili lenye orodha ya sehemu za kupachikwa. Kwa hiyo kompyuta iliyofanyiwa yote haya ili iwe ya kisasa ilichukua muda mrefu kuliko pale ilipokuwa ya aibu, mpaka namba ikasahihishwa, na faili la kuanzishia mfumo likaundwa upya.

Ukitaka hukumu yangu, msomaji, ni hii. Ikiwa kompyuta yako yawaka, na diski yake haijafikia terabaiti 2, na huna nia ya kuihamishia katika mashine mpya, mwache mzee barazani afe na kazi yake. Kwa upesi hutaona tofauti ya kuhadithia. Ikiwa diski yako ni kubwa zaidi ya hiyo, orodha ya zamani haiitoshi; na ikiwa una mashine mpya, huna hiari, kwa kuwa Intel walikwisha kutangaza tangu 2017 kwamba nia yao ni kuuacha utaratibu wa zamani ifikapo 2020, na mashine zisizomjua mzee kabisa zimekwisha kujaa madukani. Weka nakala ya kazi zako, hakikisha betri ina uhai, chagua mstari wenye UEFI hata kama ni wa chini. Na flashi nunua yako mwenyewe.