Msinitafute, Sina Uhakika wa Paris

Tangu droo ya Roland Garros, ile tenisi ya Paris, ichezeshwe Alhamisi, watu ambao mwaka mzima hawajali kama niko hai wameanza kuniamkia. Shikamoo zimezidi mtaani mpaka nahisi nimeteuliwa cheo bila kupewa barua. Kinyozi anainuka kitini. Dereva wa bodaboda, ambaye kila siku hana chenji ya elfu tano, leo ananiita mzee wangu na kuniuliza hali ya mgongo. Ukishaitikia marahaba tu, sauti inashuka na shingo inasogea: "Sasa mzee wangu, Paris vipi? Nipe ya uhakika."

Chanzo cha balaa ni kalenda. Ligi Kuu ya Uingereza inamalizika kesho Jumapili, tarehe 25 Mei 2025, siku ileile mashindano ya Paris yanapoanza. Wenye mikeka wanaachwa yatima. Simba nayo kesho iko Zanzibar, inarudiana na RS Berkane huku ikidaiwa mabao mawili ya kule Morocco, na kijiwe chetu kimegawanyika kati ya wanaoomba muujiza na wanaoomba Berkane waongeze la tatu. Hapo hakuna mwenye akili ya kubeti. Lakini Jumatatu wakiamka watazikuta wiki mbili za tenisi mbele yao, na mtu pekee wa mtaa huu anayejulikana kuangalia tenisi bila kulazimishwa ni mimi.

Kazi hii zamani ilikuwa rahisi, na aliyeiharibu ni Rafael Nadal. Hakuiharibu kwa kucheza, ameiharibu kwa kustaafu. Kati ya 2005 na 2022 alichukua taji la pale mara 14. Amecheza mechi 116 katika mashindano hayo, akashinda 112. Waliomfunga wanaenea kwenye bodaboda moja: Robin Söderling mwaka 2009, Novak Djokovic mara mbili, 2015 na 2021, na Alexander Zverev mwaka jana, mwili wa Nadal ukiwa umeshagoma. Miaka yote hiyo mchambuzi wa tenisi ya udongo alikuwa mtu wa neno moja. Unaulizwa nani, unajibu Nadal, unaendelea na kahawa yako. Sifa ya ujuzi unabaki nayo wewe na jasho linabaki kwake. Kesho wanamfanyia hafla ya heshima pale uwanja wa Philippe-Chatrier. Mimi ningewashauri wamfungie mlango asitoke, wamrudishie na raketi.

Sasa tumebaki na kazi ya kufikiri, tena mbele ya mpwa wangu.

"Anko, huyu Sinner si ndiye namba moja wa dunia? Namba moja anafungwaje?"

Anafungwa, mwanangu, sana tu. Pete Sampras alistaafu na mataji makubwa 14, na fainali ya Paris hakuwahi kuiona hata moja. Ule uwanja hauheshimu vyeo. Chini kuna changarawe, juu yake mabaki ya makaa, kisha chokaa iliyosagwa na kushindiliwa, na hilo jekundu unaloliona kwenye televisheni ni vumbi la matofali lenye unene wa milimita moja au mbili tu. Hizo milimita mbili zimewatesa mabingwa. Mpira ukigusa pale unapunguzwa kasi na kurushwa juu, hivyo servu iliyokuwa ikiwamaliza watu Wimbledon inamfikia mpinzani imepoa kama chapati ya jana. Jua likiwaka, mpira unaruka. Mvua ikinyesha, mpira unalowa, unakuwa mzito, na aliyekuwa tishio asubuhi anaanza kuomba huruma jioni. Mtu wa kubeti anataka kujua nani atashinda wakati hata hali ya hewa ya Paris haijaamua.

Tumpime huyo Jannik Sinner mwenyewe. Amekaa nje miezi mitatu kwa kesi ya clostebol, dawa iliyopigwa marufuku michezoni, na WADA wenyewe, wale wasimamizi wa vita dhidi ya dawa hizo duniani, walikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Amerudi Roma mwezi huu, akamchapa Casper Ruud 6-0, 6-1, siku chache tu baada ya Ruud kubeba taji la Madrid. Nilimhurumia Ruud, mtu mwungwana aliyefika fainali mbili za Paris, 2022 na 2023, na sasa anaadhibiwa hadharani namna hiyo. Kisha Sinner akafika fainali ya Roma na Carlos Alcaraz akamfunga 7-6, 6-1, akikatiza ushindi wake wa mechi 26 mfululizo. Tazameni ile seti ya pili. Miguu iliisha. Na Roma ni seti mbili tu za kushinda. Paris wanaume wanatakiwa tatu, kila baada ya siku moja au mbili, kwa wiki mbili. Mguu uliopumzika miezi mitatu unaweza kuwa mbichi, unaweza pia kuwa mgeni. Wapenzi wa Sinner wanasema mbichi. Mimi niliona mgeni.

Alcaraz naye ana maudhi yake. Katimiza miaka 22 mwezi huu, ndiye bingwa mtetezi, kashinda Monte Carlo na Roma, lakini katikati hapo kafungwa na Holger Rune kwenye fainali ya Barcelona, kaumia, na Madrid hakucheza. Akiwa katika siku yake huoni cha kumlaumu. Tatizo ni kwamba akiongoza anaanza kupamba. Mpira wa kawaida wa kumaliza pointi upo mbele yake, yeye anadondosha kijimpira kifupi nyuma ya wavu ili watu wapige kelele. Kikifa, tunapiga kelele kweli. Kikikosea, mpinzani anafufuka, na mechi iliyokuwa ya saa mbili inakwenda nne, na mie nina watoto wanaotaka katuni.

Djokovic kaangukia nusu ya droo aliyomo Sinner, tena robo moja na Zverev. Huyu ananipa taabu kuliko wote, kwa sababu wazee wa kijiwe wanamshabikia kwa undugu wa magoti. Alhamisi katimiza miaka 38. Msimu huu wa udongo alitoka kwenye mechi yake ya kwanza Monte Carlo, mbele ya Alejandro Tabilo, akatoka mechi ya kwanza Madrid mbele ya Matteo Arnaldi, Roma hakwenda, na Andy Murray aliyekuwa kocha wake wameagana. Ukisoma hayo unamfuta. Halafu unakumbuka mwaka jana: alijitoa Paris kabla ya robo fainali, goti limechanika, akapasuliwa, na miezi miwili baadaye akarudi kwenye uwanja uleule akamfunga Alcaraz na kuvaa dhahabu ya Olimpiki. Na leo, wakati naandika, yuko fainali ya Geneva akitafuta taji la 100. Simfuti mimi. Ila wazee waache kunionyesha magoti yao kama ushahidi.

Zverev nampita haraka, na yeye amezoea kupitwa karibu na mwisho. Fainali ya mwaka jana aliongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Alcaraz, akaishia kupiga makofi. Ana fainali tatu kubwa na hana kombe hata moja. Lorenzo Musetti ndiye jina ninalomtajia mtu anayelipa kahawa: mwaka huu fainali ya Monte Carlo, nusu fainali Madrid, nusu fainali Roma, na mkono wa nyuma mmoja unaotamani kuuwekea fremu. Wafaransa wana Arthur Fils na mioyo yao. Mwanamume wao wa mwisho kubeba lile kombe ni Yannick Noah, mwaka 1983, kijana aliyekulia Yaoundé na kuonwa huko na Arthur Ashe. Miaka 42 sasa wanaandaa karamu na kuwapakulia wageni.

Jambo linalonichekesha mwaka huu ni alama. Mpira ukitua kwenye vumbi lile unaacha alama, na Roland Garros ndiyo pekee kati ya mashindano manne makubwa inayoendelea na waamuzi wa mistari wenye macho. Wimbledon nao wameshatangaza kuwaondoa mwaka huu. Basi kukitokea ubishi mwamuzi mkuu anashuka kitini, anakwenda kuinama, ananyoosha kidole, na watu elfu 15 wanamtazama mtu mzima akisoma vumbi. Nikaona ni utaratibu mzuri, wa kistaarabu, mpaka Aprili hii Aryna Sabalenka alipotoa simu Stuttgart akaipiga picha alama, akapewa onyo. Siku chache baadaye Zverev naye, Madrid, katoa simu, kapiga picha, onyo. Kule Madrid ilikuwa mashine ndiyo iliyoamua, na bado hakuridhika. Sasa fikiria mpwa wangu, mwenye shilingi elfu mbili kwenye mechi hiyo, atasomaje alama ya vumbi kwenye televisheni yenye mstari wa kijani katikati. Atasoma, na ataniita niwe shahidi.

Kwa upande wa wanawake nilidhani nitapumzika, maana Iga Świątek alikuwa Nadal wangu wa pili. Mataji manne, 2020 na mfululizo 2022 hadi 2024, na anaingia kesho akiwa hajafungwa pale katika mechi 21. Ila tangu aliponyanyua lile kombe Juni iliyopita hajanyanyua lingine popote. Coco Gauff kamfunga Madrid 6-1, 6-1. Danielle Collins kamtoa Roma mapema. Kashuka mpaka namba tano, na droo ikamtupa upande wa Sabalenka, karibu kabisa na Jelena Ostapenko, mwanamke ambaye Świątek amekutana naye mara sita na kufungwa zote sita. Ukiniambia droo haina chuki nitakuomba unieleze hilo.

Sabalenka, namba moja, kachukua Madrid. Paris hajawahi kuvuka nusu fainali. Mwaka juzi alikuwa na pointi ya kumaliza mechi mbele ya Karolína Muchová, ikamponyoka, na mwaka jana tumbo lilimsumbua akatolewa na Mirra Andreeva. Gauff kafungwa fainali ya Madrid na ya Roma, jambo ambalo wengine wanaliita udhaifu; mimi mtu anayefika fainali mbili za udongo mfululizo simwiti dhaifu. Aliyemfunga Roma ni Jasmine Paolini, kimo cha sentimita 163, anayekimbia kila mpira. Namtaja Sabalenka kwa shingo upande, na Świątek namwacha mlango wazi. Waandaaji wenyewe hawanisaidii: mechi za usiku, zinazoanza huku kwetu saa tatu na robo, wakati ambao mtu mwenye kazi ndio kakaa, mwaka jana zilikuwa za wanaume usiku wote. Ati mechi za wanaume, za seti tatu kwa tano, zinawapa watazamaji thamani ya tiketi. Mechi ya Świątek na Naomi Osaka mwaka jana, raundi ya pili tu, Świątek akiwa pointi moja kutoka kutolewa, mimi niliitoroka kazi kuitazama mchana. Thamani gani nyingine wanataka?

Jana usiku mpwa alikuja na kalamu. Akauliza kwanza sare inalipa shilingi ngapi, nikamwambia tenisi haina sare, akanitazama kwa mashaka, akidhani namficha. Akauliza nani anafunga la kwanza. Nikamwambia hatufungi, mwanangu, tunashinda gemu. Anayetolewa raundi ya kwanza kule, nikamwambia, analipwa euro 78,000, zaidi ya shilingi milioni 200 kwa kushindwa siku moja, kwa hiyo badala ya kubeti bora ungejifunza kushika raketi. Hakucheka.

Basi nikachoka. Nikazima televisheni, nikamwambia andika: wanaume, Carlos Alcaraz. Ukitaka sababu, miguu yake, Roma, na kwamba udongo unampenda. Akafungua simu, akatafuta, akakunja uso.

"Anko, huyu odi yake ndogo sana. Huyu kila mtu anamjua. Nipe mwingine, asiyejulikana, lakini wa uhakika."