Karanga za Nani?

Hapa Mtowisa, bonde la Rukwa, kazi zangu za kompyuta ni zile zile: kadi za mchango wa harusi, barua za kuomba kazi, picha za pasipoti. Ndipo akaja mama mmoja anayesaga karanga. Alitaka bango la kupandisha nalo mlima hadi Sumbawanga, na ndani ya bango kopo la siagi yake.

"Marahaba, mwanangu. Lakini nataka kopo linalojitokeza. Mtu akiliona, mkono uende wenyewe kwenye mfuniko."

Inkscape, ninayochorea, ni programu ya bure, ipo tangu 2003, na haijui kopo ni kitu gani. Inajua mistatili na maduara. Kopo ni kiini macho: unachora mstatili, juu unaweka duara lililobanwa, chini jingine lisilobanwa sana kama la juu, maana ukilitazama kopo kutoka juu kidogo, kitako hujipinda zaidi ya mdomo. Unaviunganisha. Halafu rangi: giza pembeni, mwanga upande mmoja, giza tena.

Mama akainamia skrini. "Hii ngoma?"

Nikaongeza mwanga.

"Sasa ni pipa."

Kijana wa bodaboda aliyeleta simu kuchaji akasema yeye anaona betri ya redio, tena imevimba.

Kasheshe yenyewe ikaja kwenye lebo. Kopo lenye kipenyo cha sentimita 7.5 huzungukwa na lebo ya karibu sentimita 23.6. Mtazamaji huona nusu tu, na nusu hiyo hubanwa iingie kwenye 7.5, hivyo herufi za pembeni hukonda. Mama alikuwa ameandika SIAGI SAFI YA KARANGA ZA BONDENI, kwa mstari mmoja. Baada ya kuipinda, upande wa mbele ukabaki FI YA KARANGA ZA.

"Za nani?" akauliza bodaboda.

"Za Bondeni."

"Bondeni kwenyewe kuko wapi?"

"Nyuma."

Mama akakunja uso. "Mwanangu, nalipia lebo nzima, unanipa nusu?" Nikachukua kopo la kweli, nikamzungushia aone. "Hilo linazunguka," akasema. "Lako je?" Swali hilo sina jibu lake hadi leo.

Akataka pia ile mistari inayosomwa na mashine, niinakili kutoka kwenye pakiti ya biskuti. Mistari ile hubeba namba, zinazotolewa Tanzania zikianza na 620, na kila bidhaa ina yake. Kwenye kaunta ya supamaketi siagi yake ingesomeka biskuti. Alama ya TBS nayo nikaikataa. Ile hutolewa kwa leseni, haichorwi na mtu wa steshenari.

Tukakubaliana nichore makopo mawili: moja linatazama mbele, jingine limegeuzwa, Bondeni ionekane. Mchoro wa vekta hautunzi vitone, hutunza vipimo vya mistari, kwa hiyo ulikuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuchakaa. Bango likatoka zuri, nalisema bila haya.

Sasa huko Sumbawanga wateja wanadai makopo mawili kwa bei ya moja, wanamwonyesha bango lake mwenyewe.

Nawaomba wajasiriamali wenzangu wa Rukwa: kabla hamjaja, fupisheni majina ya bidhaa. Herufi kumi zinatosha.