Msomaji Mchaguzi

"Mimi sisomi ovyo, nachagua," hutuambia ndugu yetu mmoja wa Mkolani, Mwanza. Kweli anachagua: rafu yake imejaa vitabu vya kutajirika tu, karibu vyote vya Wamarekani. Riwaya, asema, ni za watu wasio na shughuli. Basi hana habari na Euphrase Kezilahabi wala Aniceti Kitereza, waandishi wa Ukerewe, ng'ambo tu ya maji. Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 ikingoja mchapishaji, na sasa inamngoja bwana mkubwa. Tusimlaumu. Hata uchaguzi wenye mgombea mmoja ni uchaguzi: kapita bila kupingwa. Kinachochelewa ni matokeo tu. Utajiri wenyewe bado haujatangazwa.