Gabbar Singh na Baba Mkwe

Fedheha iliyonipata Ijumaa usiku mbele ya baba mkwe wangu ingali mbichi, na kila nipitapo sebuleni nikaiona ile televisheni imenyamaza ukutani, pana, nyeusi, haina hata chembe ya haya, uso hunipanda moto. Mzee yule alikuwa amevuka bahari kutoka Unguja kuja kutujulia hali, nami kwa taadhima zote anazostahiki mkwe nilikuwa nimemwahidi kwamba baada ya sala ya Isha na chakula tutaitazama Sholay, filamu aliyoiona ujanani katika sinema moja ya Dar es Salaam iliyojaa watu hata ngazini, na ambayo tangu nimwoe binti yake hajapata kuitaja bila ya kuinuka kitini na kuigiza kipande chake. Kahawa ikachemshwa, kashata zikapangwa, wajukuu wakakalishwa mkekani na kuonywa wasiseme neno, nami nikaishika rimoti kwa fahari ya mtu atoaye hidaya.

Majambazi walipoishambulia treni, farasi wao walikuwa wakiteleza badala ya kukimbia. Dharmendra na Amitabh Bachchan walionekana juu ya behewa kwa udhahiri uliopita kiasi, mpaka mtu akatambua kwamba wamepakwa poda. Mzee alinyamaza. Alinyamaza hata zilipokuja nyimbo, na huyu ni mtu ambaye nyimbo za Kihindi humwimbisha hata akiwa amewekewa wembe kooni kwa kinyozi. Nilimwona yuangoja, akangoja mpaka akatokea Gabbar Singh mwenyewe, jambazi mkuu, ndiye Amjad Khan, akitembea juu ya majabali na mkanda mkononi, akiwahoji wale watu wake watatu waliorudi wameshindwa. Mahali ambapo, kwa riwaya ya mzee, sinema nzima ilinyamaa hata ukamsikia mtu wa safu ya nyuma akitafuna njugu. Baba mkwe akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," akaniambia, kwa upole ulionichoma kuliko tusi, "huyu Gabbar wako amekuja kuazima beseni."

Wajukuu walicheka hata wakagaagaa. Mke wangu akaondoka kwenda jikoni, nami nikamsikia akicheka huko pia. Mzee aliomba radhi, akasema bahari imemchosha, akaenda kulala kabla Thakur, bwana aliyewakodi wale mashujaa wawili, hajasimulia jinsi alivyokatwa mikono, na asubuhi yake nikamsikia barazani akimweleza jirani yetu, kwa huruma ya dhati, kwamba mkwewe ameuziwa Sholay iliyoigizwa upya na wanafunzi.

Hasha! Filamu ilikuwa ileile iliyoongozwa na Ramesh Sippy, ikapigwa picha na Dwarka Divecha kwenye majabali ya Ramanagara kusini mwa India, ikatoka mwaka 1975. Iliyoingilia kati ni televisheni, na namna ilivyoingilia ni habari ambayo nimeifuatilia kwa shauku nisiyoitarajia kwa mtu wa umri wangu.

Filamu, kwa asili yake, haina mwendo hata kidogo. Ni picha zilizosimama, 24 kwa kila sekunde, na mwendo tunautia sisi wenyewe. Zamani za filamu bubu mpiga picha aliizungusha kamera kwa mkono, kwa hiyo kasi ilifuata nguvu za mkono wake na pengine njaa yake. Lakini sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, na alama zake zikachapwa ubavuni mwa utepe uleule wa picha, mkono haukuaminiwa tena, kwa sababu jicho lina subira ila sikio halina, na utepe ukilegea kidogo tu sauti ya bibi harusi hugeuka ya babu yake. Ikakubaliwa kasi ya picha 24, iliyotosha sauti isikike vyema bila ya kuteketeza utepe mwingi, maana ulikuwa ghali. Tena ndani ya projekta kuna kipande cha bati chenye mapengo, kizungukacho, ambacho huziba nuru kila utepe unaposogezwa kutoka picha hata picha, na huiziba tena picha ikiwa imetulia, ili macho yasibughudhiwe na kumetameta. Kwa hivyo takriban nusu ya muda wote ambao baba mkwe alilipia kiingilio alikuwa amekaa katika giza totoro, yeye na ukumbi mzima, wala wasijue, na akili zao ndizo zilizokuwa zikimkamilisha Gabbar. Jambo hili lilinistaajabisha mno. Nikamweleza mke wangu, naye akauliza kama walirudishiwa nusu ya fedha.

Televisheni za siku hizi hazijui giza hilo. Kioo hujichora upya mara 60 kwa sekunde, au mara 120, na kwa kuwa 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24, kioo cha mara 60 hulazimika kuonyesha picha moja mara mbili na inayofuata mara tatu, ndipo kamera igeukapo polepole huonekana kama kigugumizi. Watengenezaji, badala ya kukistahi kigugumizi hicho, wametia ndani ya chombo akili ya kielektroniki inayolinganisha picha mbili zifuatanazo, ikakisia kila kitu kilikuwa kikielekea wapi, kisha ikatunga picha za katikati ambazo hakuna kamera iliyozipiga wala mwigizaji aliyezisimamia. Kwa kandanda ni neema. Kwa filamu ni uzushi. Kioo changu ni cha mara 120, na kikijazwa chote kwa mtindo huo, katika kila picha tano, nne ni za kutungwa. Maana yake, aliyeingia sebuleni mwangu Ijumaa alikuwa Amjad Khan kwa khumsi moja tu.

Hapa mzaha unaniishia. Katika Sholay mna vipande viwili vifupi ambamo Radha, aliyeigizwa na Jaya Bhaduri, huwasha taa jioni, na vipande hivyo vilichukua siku 20 kwa sababu ya taabu ya nuru. Watu wazima, wenye kamera na wake na madeni, wameingojea magharibi siku 20, kisha chombo kilichounganishwa kiwandani kinaipindua kazi yao kabla sijapepesa jicho, bila ya kumshauri aliyeifanya wala aliyelipa. Muuzaji alinisifia jambo hilo la kutunga picha kuwa ndilo lililopandisha bei. Kila kampuni imelipa jina lake, na pa kulizimia pamefichwa menyu ndani ya menyu. Desemba 2018 Tom Cruise alijirekodi, pamoja na mwongozaji Christopher McQuarrie, akiwasihi watu walizime majumbani mwao. Ikiwa mtu anayeruka kutoka kwenye ndege kwa ajira yake amefikia kusihi, mimi na rimoti yangu ni nani?

Mpwa wangu alilizima kabla chai yake haijapoa. Baba mkwe alikuwa amekwisha kupanda boti.

Filamu nyingine nilizozitazama nitazipitia mbio. Psycho ya 1960: damu ya bafuni ni sharubati ya chokoleti, na bado sikuoga usiku ule. Titanic: meli inachelewa kuzama. The Hobbit ya 2012, Peter Jackson aliipiga kwa picha 48 kwa sekunde, kwa hiari yake na akili zake timamu; sikuimaliza. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka 2021 kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ina usiku wa Unguja uliopigwa picha na mtu asiyeliogopa giza, na ukiitoa Sholay, hiyo ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja.