Uainishaji wa Awali wa Wanafunzi wa Shule za Masista kwa Kigezo cha Kengele

Wataalamu wa elimu wamezoea kuwapanga wanafunzi wa shule za Kikatoliki kwa matokeo ya kidato cha nne: wenye divisheni wani, yaani pointi 7 hadi 17, halafu wengine. Utaratibu huo wa Baraza la Mitihani, lililoanzishwa mwaka 1973, una kasoro moja kubwa: humpima mwanafunzi akiwa ameketi. Makala hii inapendekeza apimwe akiwa njiani, kwa kuangalia yuko wapi kengele inapolia.

Makazi

Kiumbe anayechunguzwa hupatikana pembezoni mwa Dar es Salaam, kule daladala zinakoishia na bodaboda zinakoanzia: Tegeta, Bunju, Kibamba, Pugu. Dalili zake ni ukuta mrefu, sanamu ya Bikira Maria karibu na geti, mikorosho, na Sista mmoja anayeonekana sehemu tatu kwa wakati mmoja. Ukoo wenyewe ni wa zamani. Shule ya Mtakatifu Fransisko ya Pugu ndiko alikofundisha Julius Nyerere baada ya kurudi kutoka Edinburgh, hadi mwaka 1955 siasa ilipomwondoa darasani. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 Serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni, Pugu ikiwemo, na kwa muda ikadhaniwa kwamba aina hii imebaki kwenye seminari tu. Jiji lilipotanuka ikachipua upya, mara nyingine kengele ikifika kabla ya maji ya bomba.

Mbinu

Mtafiti alisimama chini ya mkorosho, jirani na rimu ya lori iliyotundikwa kwa mnyororo. Kengele ya umeme ipo ofisini, lakini umeme hukatika. Rimu haijawahi kukatika, na mamlaka yake hayana rufaa.

Makundi

Kundi la kwanza ni Watangulizi. Hawa hufika kabla ya kengele na kumtazama kwa huruma anayeigonga. Kiranja wa liturujia ndiye kielelezo chao: vitabu vya nyimbo ameshavigawa, majina ya wasomaji yako mfukoni. Jambo lililomshangaza mtafiti ni kwamba Ukatoliki si sharti la kuingia kundi hili. Aliyeitikia Misa kwa sauti ya uhakika kuliko wote alikuwa Mlutheri. Na mwaka ambao Kwaresima na Ramadhani ziligongana, aliyeikumbusha kwaya kwamba Aleluya haiimbwi mpaka Pasaka alikuwa binti aliyekuwa akisubiri futari.

Kundi la pili ni Waandamani, nao ndio wengi. Huondoka na kengele, kijiko cha ndondo kikiwa bado hewani. Tabia yao huonekana vizuri zaidi saa kumi na mbili jioni, kengele inapoita sala ya Malaika wa Bwana na kila mtu kusimama alipo. Hapo ndipo lilipozaliwa shauri mashuhuri la goli. Mlinda mlango wa kidato cha nne, Mwandamani halisi, aliposikia rimu aliinamisha kichwa. Mpira uliokwisha kupigwa haukuwa na dini; ukaingia. Kidato cha tatu wakadai goli, kwa hoja kwamba mguu ulitangulia kengele. Kidato cha nne wakadai kwamba sala husimamisha kila kitu, mpira pia. Sista Mkuu aliamua goli lihesabiwe, na mfungaji apige deki bwalo zima, kwa kuwa wenzake wakisali yeye alikuwa anashangilia.

Kundi la tatu ni Wachelewaji, ambao hugawanyika zaidi kwa visingizio. Wapo wa "nilikuwa kwa matroni", ambao hushamiri siku matroni akienda sokoni. Wapo wa "nimetumwa na Sista", jamii jasiri inayozidi kuadimika, kwa sababu iliyotajwa hapo juu kuhusu sehemu tatu. Na wapo wa "nilikuwa kanisani nasali". Kisingizio hiki hakimfai mtu zaidi ya mara moja.

Kielelezo chenye utata

Shule hizi zina TYCS, chama cha wanafunzi wanaofuata njia ya Ona, Amua, Tenda, iliyotokana na padre Mbelgiji Joseph Cardijn. Katika kikao kimoja hoja ilikuwa bomba linalovuja nyuma ya bweni. Watangulizi waliliona kwa ufasaha. Waandamani waliamua: iundwe kamati. Zamu ya kutenda ilipowadia, mlango ukafunguka akaingia Mchelewaji sugu, mikono imelowa hadi viwikoni. Alikuwa ametoka kulifunga bomba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kikao kikamwandika jina kwa kuchelewa. Uainishaji huu bado haujapata pa kumweka.

Mjadala

Wapo wanaohofu kwamba shule hizi hugeuza watoto dini. Ushahidi uliokusanywa chini ya mkorosho hauungi mkono hofu hiyo: Mlutheri aliingia Mlutheri na akahitimu Mlutheri, na yule binti alitoka na swaumu yake salama. Kilichogeuka ni saa zao. Mzazi hulipa ada akitazamia divisheni wani, na divisheni huenda ikaja, huenda isije. Asiloandikiwa risiti ni kwamba mwanawe hataweza tena kuchelewa bila kuumwa tumbo.

Matokeo ya muda mrefu

Mhitimu hutambulika mjini bila cheti. Kadi ya harusi ikisema saa kumi na mbili jioni, yeye saa kumi na mbili kasoro dakika tano yuko ukumbini, amechomekea, peke yake kati ya wapambaji na viti vilivyopandiana. Bwana harusi bado yuko saluni. Maharusi wakifika saa mbili usiku, watakuta viti vimenyooka mistari, wapambaji wamepangwa kwa urefu, na kijana mmoja anazunguka akiuliza nani anasoma somo la kwanza.