Babu, Mkamwana na Hotspoti

Kisomeo cha Mzee kilitoka kwa dada yangu aliyeko Mwanza, kikashuka stendi ya Mugumu, kikapanda bodaboda hadi Nyansurura kimeviringishwa kitenge kama mtoto mchanga. Mzee ni mwalimu mstaafu. Macho yamechoka, na kwenye kifaa hiki maandishi hukuzwa mpaka yamtoshe. Ilibaki kukiunganisha na waifai ya simu yangu, kivute vitabu ambavyo dada alikwisha kuvilipia.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ukwe. Anayevijua vitu hivi nyumbani ni mke wangu, na kwetu Wakurya mkamwana haketi bega kwa bega na baba mkwe. Basi Mzee chini ya mwembe, mke wangu jikoni nyuma ya ukuta akisonga ugali, na kati yao mwanetu wa darasa la tatu akikimbia na ujumbe. Mimi nilishika simu.

Kisomeo kikatafuta, kikaleta orodha tupu.

"Mwambie baba yako aangalie bendi!" ikatoka sauti jikoni.

Kweli, mdogo wangu alikuwa ameiweka hotspoti kwenye gigahezi 5 ili video zake zikimbie. Mawimbi hayo yana kasi ila hayafiki mbali, na visomeo vingi vya zamani husikia gigahezi 2.4 tu. Nikabadilisha, jina la simu likajitokeza. Visomeo havikuanza na shida hizi: Kindle ya kwanza kabisa, ya mwaka 2007, haikuwa na waifai. Ilijivutia vitabu kwa mtandao wa simu, tena ndani ya Marekani tu. Waifai ililetwa na toleo la 2010, na majaribu ya neno la siri yakaja nayo.

Kioo cha wino wa kielektroniki hakina haraka. Unagusa herufi, kinatulia kidogo, ndipo herufi inajichora. Mzee hajazoea kungojeshwa na mwanafunzi: aligusa tena, zikatokea mbili.

"Babu, mama anasema N iwe kubwa."

Mzee akaliacha neno la siri, akaingia kwenye mipangilio, akakuza maandishi mpaka maneno matatu yakajaza kioo kizima. "Imekuwa," akasema, ameridhika.

Ikabidi neno lisomwe herufi kwa herufi. Mke wangu akapaza sauti, mtoto akapokea kwa sauti ya mchakamchaka, Mzee akarudia kwa ile sauti yake ya ubaoni. Alama ya waifai ikatokea, na jikoni kukapigwa vigelegele.

Vijana wa bodaboda waliopumzika nje ya ua walikuwa kimya muda wote huo, usikivu ambao Mzee hakuwahi kuupata darasani. Kabla ukurasa wa vitabu haujamaliza kujichora, simu yangu ikalia: bando limekwisha. Nje ya ua ikasikika kelele ya goli, kisha marudio ya goli lilelile. Kitabu cha maneno matupu ni megabaiti chache tu, na hata hizo hawakumbakizia.

Mzee hakufoka. Alichukua fimbo na kigoda, akaenda kuketi katikati yao, akaagiza mmoja afungue hotspoti yake. Hakuna aliyebisha, wengi wao aliwafundisha kusoma. Mwanetu akakimbia jikoni, akarudi anahema.

"Mama anasema muulize kwanza kama ni mbili nukta nne."